Pizza za Marekani: tazama tanuri na trei kwanza

Mwenzetu ameuliza kama pizza za Marekani zote ni moja, maana hizi za makampuni makubwa zinazoletwa kwenye maboksi zinafanana. Hazifanani hata kidogo. Nimefanya kazi jikoni kwenye pizzeria moja ya Detroit na kula katika miji mingine kadhaa, kwa hiyo naeleza niliyoyaona.

Naanza na Detroit kwa sababu ndiyo iliyonishika moyo. Pizzeria ya huko iitwayo Buddy's ilianza kuoka pizza ya pembe nne mwaka 1946, kwenye trei za chuma zilizokuwa zikitumika viwandani mwa magari kuwekea vipuri vidogo. Mtindo wote umetokana na trei hiyo. Unga unakandwa na maji mengi, unatandazwa na kuachwa uumuke humo humo. Jibini, la aina inayoitwa brick kutoka Wisconsin, linasambazwa mpaka liguse kuta za trei. Likipata moto linashika pembeni na kukauka kama ukoko wa wali, na vipande vya kona ndivyo vinavyogombewa mezani. Sosi ya nyanya inakuja juu ya jibini, si chini. Ukiharakisha kuumua, unampa mteja mkate mzito tu.

New Haven, Connecticut, ni ulimwengu mwingine. Frank Pepe alifungua duka lake mtaa wa Wooster mwaka 1925, na tanuri la makaa ya mawe bado linawaka. Moto ni mkali mno, pizza inatoka nyembamba yenye madoa meusi, na mgeni hudhani imeungua. Haijaungua, ndiyo ladha yenyewe! Ukiagiza ya kawaida, inakuja na nyanya na jibini kidogo la kukwaruzwa. Mozzarella, jibini laini linaloyeyuka, lazima uitaje. Wana pia nyeupe, ya kombe wa baharini na vitunguu saumu, bila sosi ya nyanya.

Huko New York, pizzeria ya Lombardi's ilitumia makaa ya mawe tangu 1905, lakini kilichozoesha watu kununua kipande kimoja kimoja ni oveni za gesi. Unapewa kipande kikubwa, unakikunja, unakula huku unatembea. Pizzeria za namna hii hazina haja ya viti vingi.

Kuhusu Chicago, watu wengi wanakosea. Ile nene ya Pizzeria Uno, ya mwaka 1943, ndiyo inayopigwa picha. Wenyeji niliokaa nao, jioni ya kawaida, huagiza nyembamba kavu iliyokatwa miraba midogo. Ilizaliwa kwenye baa, ikiliwa pamoja na bia, na kwangu mimi inaishinda ile nene kwa mbali.

St. Louis nayo ni nyembamba, haina hamira, na jibini lake ni Provel, la kusindikwa. Mimi halikunikaa mdomoni.

Ukifika mji wowote kati ya hii, agiza kwanza ile isiyo na nyama wala mbogamboga juu. Hapo utaujua unga na moto wa mji huo.