Kwa mabinti mnaotaka kudaka: niliyojifunza golini

Wadogo zangu, juzi kuna binti kaniuliza eti dada kudaka kunalipa? Nikacheka alafu nikakosa jibu fupi, ndo maana nimekaa niandike. Mi nimedaka miaka tisa, nimeanzia mchangani, nikapita UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, nikafika ligi kuu ya wanawake hapa Bongo, na misimu minne kati ya hiyo nilikuwa benchi, kwa hiyo msitegemee maneno ya staa hapa.

Kwanza toeni kichwani wazo kwamba kipa kazi yake ni kuchupa. Kuna mechi unadaka mipira mitatu tu, muda wote uliobaki unafanya kazi kwa mdomo. Mi nilivyokuwa mgeni nilikuwa naona aibu kuwapigia kelele madada walionizidi umri, yaani asubuhi kambini nimemwamkia shikamoo, sa jioni uwanjani nimfokee? Siku moja mvua imenyesha, uwanja tope tupu, ikaja krosi toka kulia, nikaiona mapema kabisa kuwa ni yangu, nikatoka kimya kimya. Beki wetu wa kati hana habari nae akaruka, kichwa chake kikagonga mkono wangu, mpira ukadondoka katikati yetu na straika wao hata hakupiga, aliusukuma tu na ubavu wa kiatu ukawa unaingia taratibu mi nimekaa kwenye tope nauangalia. Yule dada akaninyanyua, hakunitukana, akasema "mdogo wangu ungesema tu yangu". Toka hapo naita kabla sijapiga hatua, na naita kama nagombana, shikamoo tutapeana kwenye basi. Na maneno yawe mafupi, "yangu", "toa", "mtu nyuma", hakuna beki anayesikiliza hotuba mpira ukiwa hewani.

Glavu: loweka kidogo viganja kabla ya mechi vishike mpira vizuri, ukimaliza osha na maji ya uvuguvugu anika kivulini, jua linazikausha zinapasuka. Na usizivae kwenye mazoezi ya mchangani kama ndo hizo hizo za mechi, wiki mbili tu umebaki na kitambaa.

Sasa hili la kichwa naomba msilipite. Briana Scurry wa Marekani, yule aliyepangua penati ya Liu Ying wa China fainali ya Kombe la Dunia 1999 mbele ya watu zaidi ya 90,000 (alisogea mbele ya mstari kabla mpira haujapigwa, siku hizi VAR, wale marefa wa video, ingemrudisha haraka sana), mwaka 2010 aligongwa goti kichwani kwenye mechi ya klabu. Hakucheza tena. Maumivu yalimwandama miaka mpaka akafanyiwa upasuaji 2013, na katikati hapo hali ilikuwa mbaya akaweka rehani medali zake za dhahabu za Olimpiki. Huyo ni Scurry, nchi tajiri, je wewe unayeambiwa "mwagia maji inuka, mabadiliko yameisha"? Ukigongwa ukaona giza au ukasahau matokeo ni ngapi, kaa chini usikubali kuinuka, akikasirika kocha akasirike.

Benchi nako mtakaa, kipa anacheza mmoja tu, straika anaweza kuhamishiwa winga ila wewe hakuna pa kukuhamishia. Nadine Angerer wa Ujerumani alikaa miaka nyuma ya Silke Rottenberg, 2007 mwenzie akaumia goti, akapewa goli Kombe la Dunia akadaka, akamaliza dakika 540 bila kufungwa hata goli moja, na fainali akadaka penati ya Marta wa Brazil. Miaka 6 baadae FIFA wakamtaja mchezaji bora wa dunia. Sisemi nawe itakuwa hivyo, mimi haikuwa, ila zile dakika alizikuta mwili uko tayari. Mi msimu wangu wa pili wa benchi nilinuna tu, nikanenepa, nafasi ilivyokuja nikatema mpira rahisi dakika ya nane na nikarudishwa palepale.

Mkataba usisaini ukamwachia kiongozi nakala zote mbili. Mi nilifanya hivyo timu fulani, nikaumia bega, nauliza matibabu naambiwa hayamo, na mi sina karatasi ya kubishia, bega nikalitibu kwa hela ya mama ya vitenge.

Sa kunalipa? Bongo kwa wengi wetu ni posho na mshahara wa kubangaiza, wachache wanapata timu nje. Huyo binti nimemwambia Jumamosi aje na glavu zake, ila kwanza nitamsimamisha golini bila mpira aite "yangu" mpaka bodaboda wa pale barabarani wageuke.