Kabla Hujachimba Msingi, Uliza Kiwanja Kilikuwa Nini

Kazi yangu ni kuchunguza na kusafisha ardhi iliyochafuliwa, na juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nimepata kiwanja kizuri, zamani kilikuwa kituo cha mafuta. Muuzaji anasema matangi yalishang'olewa, udongo ukapimwa, ni safi. Naweza kuanza msingi?" Nikamjibu kwa swali: ulipimwa sehemu gani, na kwa kina gani? Mpaka naandika haya hajajibu, na nadhani najua kwa nini. Ripoti hana. Ana maneno ya muuzaji.

Wengi mnaonisoma mna ndoto kama yangu: kuchukua eneo lililotelekezwa, ambalo barabara, maji na umeme vimeshafika, na kuligeuza mahali pa watu kuishi. Ndoto njema. Mwezi uliopita eneo lililonitesa kuliko yote limepata kibali cha mwisho, kwa hiyo leo mniache nijisifu kidogo.

Lilikuwa gereji ya mabasi, na mteja aliyetaka kujenga pale aliniita nichunguze kama ardhi yake ina sumu. Nilianza na kazi isiyohitaji mashine: ramani za zamani, picha za angani, mafaili ya vibali, na watu. Ramani zilinionyesha majengo. Mengine nilionyeshwa na mzee aliyewahi kuwa fundi pale. Tulizunguka naye mpaka nyuma ya karakana, akasimama juu ya zege akasema, "Hapa palikuwa na shimo, mwanangu. Oili chafu yote ilimwagwa humu, na ile dawa ya kusafishia vyuma pia." Shimo hilo halikuwa kwenye ramani yoyote. Nikaandika: tuchoronge hapo, yaani tutoboe ardhi tutoe udongo wa chini, tuchoronge kando ya matangi, na tuchoronge upande ule maji ya chini ya ardhi yanakoelekea.

Mteja alisoma, akaona gharama, akaniambia kwa upole kwamba nawatisha wawekezaji. Akaleta mshauri mwingine. Huyo alichukua sampuli pembezoni, penye nyasi, udongo wa juujuu, na majibu yakarudi safi. Maabara haikudanganya, ilipima ilicholetewa. Niliumia, na bado naumia nikikumbuka. Kuitwa mwoga na mtu ambaye hajawahi kunusa udongo wa aina ile si jambo dogo.

Vikao na barua za katikati naziruka, hazina faida kwenu. Siku katapila lilipovunja zege nyuma ya karakana, vibarua walianza kulalamika kuumwa kichwa, kazi ikasimama, na simu yangu ikaita.

Nilikuta maji yametuama shimoni, juu yake utando wa rangi za upinde wa mvua. Msimamizi akaniambia ni kutu tu. Basi hili lijueni, wadogo zangu: chukueni kijiti mvuruge utando. Ule wa kutu, unaotokana na bakteria wa chuma, hukatika vipande vyenye pembe, kama kioo kilichopasuka, na vipande havirudiani. Wa mafuta hujizungusha kisha huungana tena. Ule uliungana. Tulipochoronga, udongo wa mfinyanzi ambao kwingine kote ulikuwa mwekundu ulitoka wa kijivu kinachokaribia kijani, na kipima mvuke kilipanda kabla sijakisogeza vizuri.

Sampuli za juujuu zilidanganya kwa sababu rahisi. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo ikipenya udongo hufika kwenye maji ya chini, ikaelea na kusambaa nayo. Viyeyushi vyenye klorini, kama trikloroethilini iliyotumika sana kuondoa grisi kwenye vyuma, ni vizito kuliko maji. Huyapita na kushuka mpaka vikute tabaka lisilopitisha, na hapo vinaweza kukaa miongo. Risasi, namaanisha ile metali yenye sumu na si ya bunduki, mara nyingi hubaki juu, pale watoto wanapochezea. Kwa hiyo anayekwambia "udongo umepimwa" bado hajakwambia kitu. Walitafuta nini? Na sampuli ilisafirije? Ikikaa juani kwenye chupa iliyofungwa ovyo, benzini, sumu iliyomo kwenye petroli, huwa imeshapaa kabla haijafika maabara. Chupa ijazwe vizuri, ifungwe, iwekwe kwenye barafu, na kila anayeipokea asaini fomu ya makabidhiano.

Ushauri wangu wa kwanza, basi: uliza historia. Wa pili: uliza historia tena, safari hii uulize watu badala ya karatasi.

Hata hivyo karatasi nazo husema, tatizo ni wasomaji. Kule Love Canal, mjini Niagara Falls, Marekani, kampuni ya kemikali ilifukia takataka zenye sumu kwenye mfereji wa zamani, na mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule eneo hilo kwa dola 1. Onyo liliandikwa ndani ya hati yenyewe. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura na familia zikaanza kuhamishwa. Sheria ya Marekani ya 1980 inayowabana wachafuzi walipie usafishaji ilitokana kwa sehemu kubwa na mkasa huo.

Kusafisha kunategemea unataka kujenga nini. Sisi wa kazi hii hujiuliza mambo matatu: sumu iko wapi, inapita njia gani, inamfikia nani. Ukikata njia, umepunguza hatari hata kama chembe zimebaki. Eneo la maegesho lenye zege juu halihitaji usafi sawa na bustani ambamo mtoto atatia udongo mdomoni. Mafuta mengine huliwa na bakteria ukiwapa hewa na rutuba. Risasi hailiwi na yeyote, hiyo ni kuichimba, kuioshea kwenye mitambo, kuifunga kwa saruji au kuifunika. Mvuke nao hupanda kupitia nyufa za sakafu na matundu ya mabomba, kwa hiyo chini ya jamvi la zege hutandikwa utando maalumu wa kuuzuia. Kama palikuwa jalala, pima methani: ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa, cheche moja inatosha kulipua.

Na hapa nitahubiri, mnisamehe. Kusafisha vibaya kunaweza kuwa kubaya kuliko kuacha. Corby, Uingereza, halmashauri iliamua kuendeleza eneo la kiwanda cha chuma kilichofungwa. Malori yalibeba tope lenye sumu yakilidondosha barabarani, likakauka, vumbi likapaa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliamua kwamba halmashauri ilizembea. Watoto walikuwa wamezaliwa na kasoro za mikono na miguu baada ya mama zao kuvuta vumbi lile. Kwa hiyo mwagia maji, funika lori kwa turubai, osha matairi kabla halijatoka getini, wape vibarua barakoa zinazofaa, wala si kitambaa. Anayekwambia hiyo ni gharama ya ziada, mwulize ziada ya nini.

Kwenye gereji yetu kazi haikuisha shimo lilipofukiwa. Tulipima kuta na sakafu ya shimo kwanza, tukachimba zaidi palipokuwa bado pachafu, tukapima na kifusi kilicholetwa kujazia, maana kifusi nacho kina kwake kilikotoka. Visima vya uchunguzi bado vinapimwa. Chini ya maegesho kuna sehemu tuliyoiacha makusudi ikiwa imefunikwa, na mchoro wake umeambatishwa kwenye kumbukumbu za kiwanja, ili asije mtu akachimba kisima cha maji hapo.

Mteja aliomba ukurasa wenye mchoro huo uondolewe kwenye ripoti, eti unashusha bei. Nikamwambia hauondoki. Safari hii hakuleta mshauri mwingine.