Shangazi Anajibu: Sadaka yetu ipigwe picha?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tuko wanane, tulisoma pamoja shule ya msingi hapa Tanga. Mwaka mzima kila mtu amechanga shilingi 10,000 kwa mwezi, sasa zimefika 960,000. Tunataka kuwanunulia viatu watoto wasiojiweza wa shule yetu ya zamani. Ugomvi umeingia kwenye siku ya kukabidhi. Wenzangu wanataka bango, fulana na mpiga picha, watoto wapangwe mbele, eti wengine wakiona watahamasika. Mweka hazina anasema bila picha watu watadai hela tumekula. Mimi moyo unasita, ila hoja ya kuwapa sina.
Msomaji, Makorora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na nyinyi mmechanga miezi 12 bila kukatika. Vikundi vingi hufa mwezi wa tatu.

Mimi nilikuwa mmoja wa watoto waliopangwa mbele. Nilikuwa darasa la nne, baba ameshafariki, mama anauza mihogo ya kukaanga Ngamiani. Asubuhi moja mstarini tukaitwa majina, watoto sita, tukakabidhiwa viatu vyeusi na bwana mmoja aliyekuja na wageni wake. Tukaambiwa tuvinyanyue mpaka kifuani, tutabasamu, tukapigwa picha. Vyangu vilinizidi namba mbili. Harufu ya gundi naikumbuka hadi leo, na karatasi iliyosokotwa ndani, ambayo mama alisema isitolewe, itazuia mguu usicheze. Kufika mapumziko tulishapewa jina: watoto wa msaada. Muhula ule nilikwenda shule peku, viatu nimevificha kwenye mfuko wa madaftari. Nikikaribia nyumbani navivaa, mama asijue.

Usidhani mama alikuwa mtu wa kukataa msaada. Kuna jirani aliyekuwa akituletea chakula, bakuli limefunikwa kawa, akimtuma mwanawe magharibi giza likianza kuingia. Lile bakuli halikurudi tupu hata siku moja. Mama alitia ndimu mbili, au fungu la mchicha, au kipande cha muhogo. Na jirani alizipokea ndimu zile kama mtu aliyekuwa akizisubiri. Tulikula kwake mwaka mzima na hakuna aliyetuita jina.

Wanaosema kutoa hadharani kunahamasisha hawakosei. Qurani yenyewe, Sura ya Al-Baqara aya ya 271, inasema kuzidhihirisha sadaka ni vizuri, ila kuzificha na kuwapa mafukara ni bora zaidi. Aya ya 264 inakataza kuiharibu sadaka kwa masimbulizi na udhia. Wakristo nao wanaijua Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Mimi naona tofauti iko kwenye nani anayeonyeshwa. Chukua Ukumbi wa Karimjee kule Dar es Salaam, zawadi ya ukoo uliokuwa na mashamba ya mkonge huku kwetu. Jina liko wazi, Bunge letu lilikaa humo miaka mingi, na hakuna aliyepita mlangoni akiona haya. Anayeonyeshwa pale ni mtoaji na jengo lake. Kwenye picha mnayoitaka nyinyi, kinachoonyeshwa ni umaskini wa mtoto mwenye jina, anayekaa mtaa unaojulikana. Mkimuuliza mbele ya mwalimu mkuu kama anakubali, atasema ndiyo. Angesema nini? Isitoshe, nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtoto imo.

Mweka hazina wenu msimpuuze, ana haki ya kuogopa maneno. Lakini anachohitaji ni hesabu. Wekeni stakabadhi za duka, daftari la michango, na barua ya shule yenye muhuri inayosema jozi ngapi zimepokewa, bila majina ya watoto. Picha pigeni ya viatu vimepangwa mezani, nanyi wanane nyuma yake. Hiyo irusheni mnavyotaka.

Viatu vyenyewe msinunue kwa kukisia, nawaomba sana. Ada imefutwa shule za msingi za serikali, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi, na hapo ndipo mama wa mihogo anapokwama. Walimu wa madarasa wanawajua watoto hao. Wawape wazazi wao, kimyakimya, kikaratasi chenye sahihi yenu. Mzazi aende na mtoto kwenye duka mlilokubaliana nalo bei, mtoto ajaribu, atembee hatua mbili tatu, achague kinachomkaa. Nyinyi mlipe mwisho wa wiki. Mwenye duka hatamwona ombaomba, atamwona mteja. Pesa ya bango na fulana ingieni nayo dukani, mtapata jozi kadhaa zaidi.

Na siku mama mmoja akimtambua mmoja wenu, akamletea fungu la mchicha au ndimu mbili, pokeeni. Msimwambie "usijisumbue, mama." Chukueni, mkazikamulie kwenye samaki jioni hiyohiyo.