Kwani ni lazima ajitangaze?

SWALI: Mhariri, salaam. Kila mtu mashuhuri anapojitokeza na kusema kwamba yeye ni shoga, wako wanaomtukana na wako wanaompongeza. Mimi simo katika makundi hayo. Sina chuki na mtu, ila nashangaa jambo la chumbani kutangazwa hadharani, ilhali sisi wengine hatutangazi ya kwetu. Je, nakosea? – Msomaji, jina limehifadhiwa.

JIBU: Ndugu msomaji, ahsante kwa kuuliza kwa moyo safi. Hata hivyo, sikubaliani nawe kwamba sisi wengine hatutangazi. Anayemtaja mkewe kazini, anayevaa pete ya ndoa, anayealika watu harusini, wote wamekwisha kutangaza, na hakuna anayewaza habari za chumbani kwao. Mtu aliye shoga akinyamaza haachwi anyamaze kwa amani, kwa maana huulizwa ataoa lini na mchumba wake ni nani, na kila jibu humlazimu kuongeza uongo juu ya uongo, mara nyingi mbele ya watu anaowapenda kuliko wote. Siku anapojitokeza, kubwa analolifanya ni kuacha kudanganya.

Kuhusu hayo makundi uliyoyataja, historia ya soka inatosha kutufundisha. Justin Fashanu alijitokeza nchini Uingereza mwaka 1990, akawa mchezaji wa kwanza wa kulipwa kufanya hivyo akiwa bado anacheza. Alizomewa viwanjani, na lililo chungu zaidi, ndugu yake wa damu, John, naye mchezaji maarufu, alimkana hadharani. Ikapita miaka 32 kabla ya mwanamume mwingine anayecheza soka ya kulipwa nchini humo kuthubutu, naye ni Jake Daniels wa Blackpool, aliyekuwa na umri wa miaka 17 tu. Safari hii klabu yake ilisimama naye, na pongezi zikamiminika. Lakini pongezi hazimalizi kazi: Josh Cavallo wa Adelaide United, klabu ya Australia, aliyeshangiliwa dunia nzima alipojitokeza Oktoba 2021, alitukanwa na mashabiki uwanjani miezi michache tu baadaye.

Kwa hiyo swali lako, hata likiulizwa bila chuki, humfikia mhusika likiwa limechanganyika na matusi ya wengine, naye hana namna ya kulitenga. Si kosa kushangaa. Ila ikitokea kwamba anayekuambia si mtu mashuhuri bali ni mdogo wako au rafiki yako, mshangao huo uache kwanza, umsikilize, umuulize ni nani mwingine anayejua, kisha usimpelekee mtu yeyote habari hiyo bila idhini yake, hata mzazi wake, kwa kuwa kuna waliofukuzwa nyumbani na kupoteza kazi kwa sababu msiri wao alidhani anawasaidia.