Soda isiyo na sukari nayo hula meno?

SWALI: Niliacha soda ya kawaida, sasa nanunua kola isiyo na sukari. Chupa moja naionja kidogo kidogo kutwa nzima, kisha napiga mswaki papo hapo. Mbona meno ya mbele yanapata ganzi nikinywa maji baridi?

JIBU: Sukari umeiepuka, asidi umebaki nayo, nayo ndiyo inayokula meno hadi yakapata ganzi. Enameli, lile gamba gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ikiwa chini ya 5.5 hivi; kola, iwe na sukari au isiwe nayo, huwa chini ya 3.5. Mate huizimua asidi hiyo baada ya nusu saa hivi, ila kila funda jipya linaanzisha hesabu upya. Ndiyo maana kuonjaonja ni kubaya kuliko kuimaliza chupa mara moja wakati wa chakula.

Mswaki wa papo hapo ndio unaomalizia kazi: enameli iliyotoka kulowa asidi ni laini, nao unaikwangua. Sukutua maji, kisha subiri hata saa nzima kabla ya kupiga mswaki. Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi, kisha tema povu bila kusukutua.

Mrija husaidia ukipita nyuma ya meno ya mbele, si ukiushika kwa midomo tu. Na maji ya ndimu, pamoja na sifa zake zote, yamo kundi moja na kola.

Jitazame kwenye kioo. Ncha za meno zikionyesha mwanga kama glasi, au rangi ya manjano ikichomoza, mwone daktari wa meno: enameli iliyokwisha haioti tena.