Mzee ana Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa) na umeambiwa aache dawa "asafishe mwili"? Usithubutu

Mkuu salamu baadae. Umeandika mzee wako huko Kondoa kapata ofa ya sindano ya majaribio ya seli shina (chembe changa zinazoweza kugeuka chembe nyingine za mwili), eti inazuia ugonjwa usiendelee, milioni nane, ila kwanza aache levodopa, vidonge vyake vya Parkinson, wiki mbili mwili usafishike. Nilipofika hapo kwenye "kusafisha", mikono ikaanza kunitetemeka mimi, na mgonjwa siyo mimi.

LEVODOPA HAIKATWI GHAFLA. Hata aje malaika na stethoskopu.

Sisi tuliikata. Mzee wangu tunakaa nae hapa Nkuhungu, akaja jamaa wa koti jeupe na makaratasi yenye picha za ubongo za rangi rangi, maneno yanateleza kama mlenda, akasema hivyo vidonge ndo vinammaliza. Tukauza heka mbili za zabibu Hombolo. Na vidonge nilivifunga MIMI kwenye mfuko wa rambo nikavirusha juu ya kabati ili mzee asiviulizie. Siku ya tatu akashindwa kujigeuza kitandani, ya nne kakakamaa kama ubao, joto limepanda, shuka limelowa jasho, tukimuita anatukodolea macho tu, mama anamlisha uji kijiko kinagonga meno na mdomo haufunguki. Usiku ule ule tukampakia kwenye Noah ya jirani. Daktari akauliza swali moja tu, dawa zake anakunywa? Nikamwambia tumesimamisha. Hakunigombeza, na ndo kilichoniuma. Akasema ubongo wa mzee hautengenezi dopamini ya kutosha, ile kemikali inayousaidia mwili kujongea, kile kidonge ndo kinaziba pengo, ukikikata ghafla mwili unaweza kuganda, homa ikapanda na mtu akafa. Tukalala wodini siku kumi na moja. Sindano hatukuiona, hela haikurudi, simu ya jamaa haipatikani mpaka leo. Kusafisha kweli kasafisha, ila akaunti.

Baada ya hapo nikawa msomaji kwa lazima. Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kupunguza kasi ya Parkinson, popote. Kuna sindano ya kisukari inaitwa eksenatidi, 2017 Waingereza waliijaribu kwa watu 62 ikaleta matumaini dunia nzima, wakarudia kwa watu 194 kwa wiki 96, majibu yakatoka 2025: haina tofauti na sindano ya maji isiyo na dawa. Na hao wa jaribio walibaki na dawa zao za kila siku, na hakuna aliyeuziwa sindano! Sasa huyo wako ana kitu gani ambacho hao hawana, zaidi ya namba ya M-Pesa?

Na shangazi zako wasikuletee unga wa upupu. Levodopa imo kweli kwenye mbegu zake, ila kiasi hukijui, ukichanganya na vidonge ndo unapika vurugu nyingine.

Uliuliza pia mazoezi, sijui na chakula, mazoezi afanye, hayo mengine nitarudi nikitulia. Kwanza nijibu hapa hapa: mzee leo kameza vidonge vyake saa ngapi, na vimebaki vingapi? Kama mmeshaanza kumkatisha usisubiri comment yangu, mpeleke hospitali saa hii.