Darubini za Chile na Hawaii zimeunganishwaje?

SWALI: Habari mhariri, ile picha ya shimo jeusi ya 2019 wanasema ilipigwa na darubini nane za sehemu tofauti kwa pamoja. Zimeunganishwa kwa nyaya au intaneti? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Salama kabisa. Wala hamna waya hapo, na intaneti isingeweza, data ilikuwa petabaiti kadhaa (petabaiti moja ni gigabaiti milioni moja)! Aprili 2017 darubini saba za Chile, Hawaii, Arizona, Meksiko na Hispania zilielekezwa galaksi ya M87, yenye shimo hilo jeusi, miaka ya nuru kama milioni 55 kutoka hapa, zikawa zinanasa mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita 1.3 tu, na kila kituo kina saa yake ya atomiki (saa sahihi mno) inayoweka alama ya muda kwenye data, siri yenyewe ndo hiyo. Baadaye diski zikapakiwa kwenye ndege hadi Massachusetts, Marekani, na Bonn, Ujerumani, kompyuta maalum zikaoanisha mawimbi ya kila jozi ya vituo. Kadiri vituo vinavyokuwa mbali na vyenzake ndo unaona vitu vidogo zaidi. Ya nane iko Ncha ya Kusini (yenyewe M87 haiioni, ilisaidia kwingine), na diski zake zilisota miezi kibao maana majira ya baridi ndege haziendi kule.

Ila adui mkubwa ni mvuke wa maji, unameza mawimbi hayo, ndo maana ALMA, moja ya darubini za Chile, imewekwa jangwani Atacama, mita kama 5,000 juu. Hali ya hewa inatakiwa iwe nzuri vituo vyote kwa mpigo, na mwaka ule M87 ilipata siku nne tu.